Uzi maalumu: Usiulize mwamba ni mgumu kiasi gani, uliza umekatika wapi na maji yanapita wapi

Nyundo ya Mwamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bwawa likipasuka au mlima ukiporomoka, mjadala huenda njia mbili tu. Kuna wanaosema mhandisi kala saruji, na kuna wanaosema ni mapenzi ya Mungu, tumwachie mwenyewe. Wanaouliza chini ya msingi kulikuwa na nini huwa wawili watatu, na swali lao linapita bila kujibiwa. Nimefungua uzi huu kwa ajili yao.

Hoja yangu ni moja. Ukichukua kipande cha mwamba ukakibana kwa mashine maabara, mara nyingi kitakushangaza: graniti safi inabeba mzigo mara kadhaa kuliko zege la nyumba ya kawaida. Lakini hakuna anayejenga juu ya kipande. Unajenga juu ya mlima mzima, na mlima una nyufa, una mikato ya kale ambako upande mmoja ulitelezea mwingine, una tabaka nyembamba za mfinyanzi zilizobanwa katikati ya mawe magumu. Humo ndimo maji yanamopita. Kwa hiyo mtu akiniuliza "mwamba wa pale ni mgumu?" najua bado hajafika kwenye swali lenyewe.

Tuanze na Vajont, kaskazini mwa Italia.

Bwawa lilikuwa fahari ya wahandisi: ukuta mwembamba wa zege uliopinda, kimo chake mita 262, umebanwa kati ya kuta mbili za korongo. Walianza kujaza maji mwaka 1960. Mwaka huohuo mlima Toc, upande wa kusini wa ziwa, ukaanza kusogea. Ukatokea ufa wa karibu kilomita 2 juu ya mteremko, na tarehe 4 Novemba kikadondoka kipande cha mita za ujazo 700,000. Mjiolojia Edoardo Semenza alikuwa ameshaona kwamba upande ule wote ni poromoko la kale, yaani mlima uliowahi kuteleza zamani sana kisha ukasimama. Mawe yenyewe ni ya chokaa, magumu kabisa. Ila kati ya tabaka na tabaka mlikuwa na mfinyanzi wa unene wa sentimita chache tu, na tabaka zote zimeinamia ziwani, mfano wa rundo la vitabu juu ya meza iliyonyanyuliwa upande mmoja.

Msije mkadhani walikaa tu. Walipima. Wakagundua kwamba maji yakipandishwa mlima unaongeza mwendo, yakishushwa unatulia, wakaamini wameshika usukani: tutauteremsha taratibu mpaka utulie wenyewe. Miaka mitatu wakapandisha na kushusha. Septemba 1963, kukiwa na mvua nyingi, mwendo ukaongezeka. Wakashusha maji. Safari hii mlima haukutii. Siku za mwisho ulikuwa ukisogea kiasi cha sentimita 20 kwa siku. Saa 4:39 usiku wa tarehe 9 Oktoba, mita za ujazo zipatazo milioni 270 ziliteremka kwa muda usiofika dakika moja. Maji yaliruka zaidi ya mita 100 juu ya ukingo wa bwawa, yakaangukia bondeni kwenye mji wa Longarone. Karibu watu 2,000 walikufa.

Ukuta umesimama mpaka leo. Kwa hesabu za zege, mhandisi alifaulu mtihani.

Nawasilisha kwa leo, nitaendelea. Karibuni tuchangie.

---

Kokoto

Mkuu mada nzito. Lakini hapo Vajont ulioanguka ni mlima wa pembeni. Mimi nazungumzia bwawa kupasuka lenyewe. Hapo si suala la saruji na nondo?

---

Nyundo ya Mwamba

Kokoto, swali zuri. Chukua bwawa la Malpasset, karibu na Fréjus, kusini mwa Ufaransa. Bwawa la upinde halizuii maji kwa uzito wake. Linasukumia mzigo kwenye kuta za bonde. Maana yake mwamba wa kando ni sehemu ya bwawa, sawa na zege.

Pale mwamba ulikuwa naisi, jiwe lenye mistari na majani majani (tabaka nyembamba kama kurasa) yanayoelekea upande mmoja. Upande wa kushoto, mzigo wa upinde uliubana mwamba, nyufa zikajifunga, maji yaliyokuwa yakipenyeza yakakosa pa kutokea. Shinikizo likajengeka nyuma. Upande wa chini wa mto kulikuwa na mkato ambao haukugunduliwa wakati wa uchunguzi. Majani ya naisi huku, mkato kule, katikati ikabaki kabari. Tarehe 2 Desemba 1959, ziwa likiwa linajaa kwa mara ya kwanza, kabari ikasukumwa nje na ukuta ukaifuata. Watu 423 walikufa. Hakuna aliyeiba saruji. Baada ya hapo wajenzi wa mabwawa ya aina hiyo wakaanza kutoboa matundu ya kutolea maji ndani ya mwamba wa kando na kuweka vipimo vya shinikizo humo.

Mfano wa pili ni St. Francis, California, bwawa lililomalizika 1926. Tarehe 12 Machi 1928 mlinzi aliona maji ya tope yanavuja, akamwita William Mulholland, bosi mwenyewe wa mradi. Akakagua, akasema hakuna tatizo. Bwawa lilianguka usiku uleule kabla ya saa sita, watu zaidi ya 400 wakafa. Upande mmoja lilisimama juu ya shisti, jiwe la tabaka nyembamba, iliyowahi kuporomoka zamani, upande mwingine juu ya mwamba mwekundu wa kokoto zilizogandamana. Kwenye uchunguzi wa vifo, kipande cha mwamba huo mwekundu kiliwekwa ndani ya glasi ya maji. Kikaanza kutoa mapovu, kikamomonyoka mpaka ikabaki takataka ya mchanga na tope chini ya glasi. Kikiwa kikavu ungekigonga kwa nyundo ukasema hili ni jiwe.

Glasi moja ya maji, wakuu. Ingeweza kufanywa kabla.

---

Mshika Chaki

Nafuatilia. Swali la mlei: mnajuaje kilichoko mita 50 chini? Si mnabahatisha tu kwa lugha ya kitaalamu?

---

Fundi Kipimo

Ngoja nimjibu mwalimu, hii ndiyo kazi yangu.

Kwanza kuna ramani ya jiolojia. Mtu ametembea, ameangalia mawe yaliyochomoza mitoni na kwenye miteremko, amepima yanainamia wapi, akachora. Ni karatasi ya bei rahisi kuliko zote kwenye mradi na ndiyo isiyofunguliwa.

Pili unachoronga, yaani unatoboa ardhi kwenda chini. Kwenye mwamba, mtambo unakata kwa bomba lenye ncha ya almasi na kutoa kiini, nguzo nyembamba ya jiwe, unaipanga kwenye sanduku kwa mfuatano wa kina. Halafu unachukua futi. Unajumlisha vipande vyote vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, unagawanya kwa urefu uliochorongwa. Ukichoronga mita 1.5 na vipande virefu vikajumlika sentimita 60, una asilimia 40, na huo ni mwamba mbovu hata kama kila kipande kinalia "ting" ukikigonga.

Kwenye udongo na mchanga tunahesabu mapigo: nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa kutoka kimo cha sentimita 76, inapigilia bomba la sampuli sentimita 45. Zile 15 za kwanza huzihesabu, unahesabu mapigo ya 30 za mwisho. Mchanga ulioko chini ya usawa wa maji ukikupa mapigo chini ya 10, kaa macho.

Sasa siri ya sanduku la kiini, ambayo mgeni hatakwambia. Mgeni anaangalia vipande vilivyomo. Mzoefu anaangalia pengo. Umechoronga mita 1.5, kimepanda kiini cha mita 1.38. Zile sentimita 12 ziko wapi? Maji ya mtambo yamezisafisha kwa sababu zilikuwa laini. Huo ndio mfinyanzi wenyewe anaousema Nyundo! Yaani tabaka litakaloangusha mlima ndilo lisilopanda sandukuni. Mchorongaji mvivu anasogeza vipande vikutane na sanduku linapendeza. Mimi huweka kijiti cha mbao mahali pa pengo na kuandika "kimepotea" kwa wino mzito.

---

Kokoto

Duh. Hiyo ya pengo nimeipenda.

---

Fundi Kipimo

Na mwalimu, kuhusu kubahatisha: kuna mteja aliwahi kunitaka nipunguze matundu mpaka yabaki mawili kwenye kiwanja kirefu, eti "ardhi ni ileile". Nilimjibu aniandikie hilo kwa barua na sahihi yake. Matundu yakarudi.

---

Nyundo ya Mwamba

Fundi kanifungulia njia ya mahandaki, maana huko ndiko kuchoronga au kutochoronga kunakoonekana waziwazi. Milima ni ileile ya Alps, Uswisi.

Lötschberg, tarehe 24 Julai 1908. Handaki la reli linapita chini ya bonde la Gastern, na waliamini kati yao na sakafu ya bonde kuna mwamba wa kutosha. Lakini lile bonde barafu iliwahi kulichimba kwa kina kuliko linavyoonekana, kisha mto ukalijaza changarawe. Walipolipua, ukuta wa mbele ulifunguka na changarawe, mchanga na maji vikaingia. Wafanyakazi 25 walikufa. Handaki likazibwa kwa ukuta na njia ikapindishwa kukwepa eneo lile. Hata leo treni inapita kwenye kona ambazo chanzo chake ni bonde lililofukiwa.

Gotthard, miaka ya 1990. Handaki jipya la kilomita 57 lilipaswa kupita kwenye eneo la Piora, lenye dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa, iliyogeuka chembechembe mithili ya sukari na kujaa maji yenye shinikizo kubwa. Wengi waliamini mradi utafia pale. Safari hii walichimba kwanza handaki dogo la uchunguzi la kilomita 5.5, juu zaidi ya njia yenyewe. Choronga moja ikagusa mchanga ule na maji, vikamwagika ndani. Hawakukimbia. Wakachoronga kwa mshazari kwenda chini hadi usawa wa handaki, na huko wakakuta dolomaiti ni kavu na imara. Mwaka 2008 mashine ikapita Piora bila kisanga, na handaki likafunguliwa tarehe 1 Juni 2016.

Mlima ni wa aina ileile, tofauti ni kutoboa kwanza.

Na kuna hali ambapo jiolojia haikufanyii vita, inakupa njia. Handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa halikuchorwa kwa rula. Linapanda na kushuka likifuata tabaka la chaki iliyochanganyika na mfinyanzi, laini kukatika na ngumu kupitisha maji. Upande wa Ufaransa chaki ilikuwa na nyufa zaidi na maji zaidi, ikabidi watumie mashine za kujifunga zinazozuia maji mbele. Bahari moja, mashine tofauti.

---

Binti Mashapo

Kaka Nyundo asante kwa uzi. Naomba niulete upande wa rasilimali, kwa sababu nyufa na maji mnavyovisema ni kama adui tu. Kwetu tunaotafuta maji chini ya ardhi ndizo mali. Graniti isiyo na ufa haitoi hata ndoo. Tunatafuta mahali ilipovunjika.

Jotoardhi ni hivyohivyo. Maji ya mvua yanashuka kwenye nyufa, yanakutana na miamba iliyopashwa joto, yanapanda. Olkaria nchini Kenya wamezalisha umeme hivyo tangu 1981. Ukichimba kisima ukapata nyuzi joto 300 lakini hukukata ufa, umepata jiwe la moto, basi. Hakuna mvuke.

Ila nataka kusema zaidi kuhusu Bangladesh, maana ule ni mkasa wa jiolojia uliovaa nguo za afya.

Watu walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi na kufa kwa kuhara. Kuanzia miaka ya 1970 vikachimbwa visima vya bomba kwa mamilioni, vifupi, rahisi, maji maangavu. Vifo vya watoto vikapungua, na hilo lisisahauliwe. Kisha 1993 ikathibitishwa kwamba visima vingi vina aseniki. Hakukuwa na kiwanda kilichomwaga sumu. Mito kutoka Himalaya ilileta mchanga ambao chembe zake zimepakwa kutu ya chuma, na aseniki imenata kwenye ile kutu. Ukizika mchanga huo pamoja na mabaki ya mimea mahali pasipo na hewa, bakteria wanaiyeyusha kutu na aseniki inaachiwa majini. Maji hayabadiliki rangi, ladha wala harufu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakinywa zaidi ya hapo.

Na angalieni jinsi tabaka lilivyoamua nani anywe nini: mchanga mchanga (namaanisha mpya, wa maelfu ya miaka michache) ndio wenye sumu, ule wa kale ulioko kina kirefu, kwa kawaida zaidi ya mita 150, umeshaoshwa na maji yake ni salama kwa kiasi kikubwa. Timu zilipita zikipima na kupaka midomo ya pampu rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Unaweza kukuta pampu nyekundu na ya kijani zimeachana hatua chache tu, kwa sababu bomba moja limeishia kwenye tabaka moja na jingine limepita.

---

Mzee wa Tochi

Binti umeeleza vema, shikamoo ya wakubwa uipokee kwa kuwa leo umetufundisha sisi. Nina swali ambalo hunisumbua. Nasikia kuchimba gesi na kupuliza maji ardhini kunaleta matetemeko. Ni kweli au ni maneno ya wanaharakati?

---

Binti Mashapo

Marahaba ya heshima mzee wangu, na shikamoo yako narudisha kwako.

Ni kweli, ila kwa sharti. Mkato wa kale ardhini umeshikana kwa msuguano. Ukiingiza maji yenye shinikizo ndani yake, unaupunguzia mshiko, na kama tayari ulikuwa karibu kuteleza, unateleza. Basel, Uswisi, Desemba 2006: walikuwa wanasukuma maji kwenye graniti ya kina kirefu ili kupanua nyufa kwa ajili ya jotoardhi, likapiga tetemeko la ukubwa wa 3.4. Mradi ukafungwa. Oklahoma, Marekani, maji machafu ya visima vya mafuta yalirudishwa chini kwa wingi hadi likaja tetemeko la 5.8 karibu na Pawnee, Septemba 2016.

Groningen, Uholanzi, ni kinyume: hawakuingiza, walitoa. Gesi ikitoka, mchangawe (mwamba wa mchanga) ulioishika unasinyaa, lakini hausinyai sawasawa pande mbili za mkato, kwa hiyo mkato unavutwa. Mwaka 2012 lilipiga la 3.6 kijijini Huizinge. Linaonekana dogo, lakini lilikuwa la kina kifupi na nyumba ni za matofali juu ya udongo laini. Uchimbaji ulisimamishwa 2023.

---

Kokoto

Kwenye matetemeko mimi msimamo wangu unajulikana: usikae ghorofa refu. Kadiri lilivyo refu ndivyo litakavyoanguka.

---

Nyundo ya Mwamba

Kokoto, Jiji la Mexico litakukatalia.

Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini. Kwa umbali huo ungetegemea taa ziyumbe kidogo. Lakini katikati ya jiji imekaa juu ya ziwa lililokauka, na chini yake kuna mfinyanzi wa ajabu: uzito wa maji ndani yake ni mara kadhaa ya uzito wa udongo mkavu. Mfinyanzi ule una mdundo wake wa asili, sehemu kubwa ni kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Mawimbi yaliyofika na mdundo huo yalikuzwa mara nyingi, mengine yakafifia.

Sasa jengo nalo lina mdundo wake. Kwa makadirio ya haraka, sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa. La ghorofa 10 hadi 15 lina sekunde 1 na zaidi kidogo, na likianza kupasuka linalegea, mdundo unarefuka na kusogelea zile sekunde 2. Ndipo linapochukuliwa. Walioumia zaidi walikuwa majengo ya ghorofa kati ya 6 na 15 hivi. Nyumba nyingi za chini zilibaki. Na Torre Latinoamericana la ghorofa 44, lililomalizika 1956 juu ya nguzo zilizoshuka hadi kwenye mchanga mgumu, lilisimama. Mtu aliyekaa kwenye miinuko ya volkano pembeni mwa jiji, juu ya mwamba, alipata mtikisiko mdogo sana kuliko wa nduguye aliyekaa ziwani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ghorofa ngapi, uliza liko juu ya nini.

Jingine: Niigata, Japani, 1964. Majengo ya fleti yalilala ubavu yakiwa hayajavunjika. Mchanga uliolegea na kushiba maji ukitikiswa unataka kujibana; maji katikati ya chembe hayana pa kwenda, yanabeba mzigo wote, chembe zinaachana. Kwa dakika chache ardhi haibebi kitu. Ndiyo yale mapigo chini ya 10 aliyoyasema Fundi.

---

Paa la Jiji

Ndiyo maana maghorofa ya Manhattan yamejazana sehemu mbili, kusini na katikati ya kisiwa. Huko mwamba uko karibu na uso wa ardhi, kati ya sehemu hizo mbili umezama. Jiolojia imechora jiji zima.

---

Fundi Kipimo

Hiyo imesambaa sana lakini haisimami. Waliochunguza majengo ya zamani walikuta wajenzi walipandisha maghorofa hata mahali mwamba ulipokuwa na kina kirefu. Gharama ya msingi iliongezeka, lakini haikuwa ya kuhamisha biashara. Watu walifuata soko, reli na ofisi. Tusiipe jiolojia sifa isiyo yake.

---

Mshika Chaki

Nimesoma yote kwa makini na nina ubishi. Hoja yako mkuu Nyundo ni kwamba watu hawaulizi swali sahihi. Mimi nasema kuna nyakati swali limeulizwa, jibu limepatikana, limechorwa kwa rangi, na watu wamekufa.

Armero, Kolombia. Volkano ya Nevado del Ruiz ilianza kutoa dalili mwishoni mwa 1984. Oktoba 1985 ramani ya hatari ilikuwa imetoka, na Armero imo ndani ya eneo la tope. Mji ulijengwa juu ya tope la zamani: mwaka 1845 mkondo wa aina hiyohiyo ulipita palepale. Tarehe 13 Novemba 1985 saa 3 usiku mlima ukalipuka, mlipuko mdogo tu, ukayeyusha sehemu ya barafu ya kileleni. Maji yakachanganyika na majivu na mawe, yakashuka mabondeni zaidi ya kilomita 70. Yalifika Armero yapata saa 5 na nusu. Muda wa saa mbili na nusu, wakuu! Mtu wa kawaida angetembea kwa miguu hadi kilimani na kusalimika. Walikufa zaidi ya 20,000.

Mwanajiolojia alifanya kazi yake. Nani alishindwa?

---

Nyundo ya Mwamba

Mwalimu, hapo umeshika pabaya na sikwepi. Ila linganisha na Pinatubo, Ufilipino, miaka sita baadaye, maana tofauti haikuwa ubora wa ramani. Wataalamu wa Ufilipino na wenzao wa Marekani walikuwa na wiki chache tu kwa mlima uliolala karibu miaka 500. Waliweka ngazi za tahadhari zenye namba, kila namba na maana yake na kinachotakiwa kufanyika. Waliwaonyesha viongozi na wanakijiji video ya milipuko halisi, wingu la moto likishuka mlimani, tope likibeba daraja. Wengine waliwashutumu kwa kutia watu hofu. Tarehe 15 Juni 1991 mlima ulipolipuka, makumi ya maelfu walikuwa wameshaondoka.

Waliokufa wengi walifia chini ya mapaa. Siku ileile ilikuja tufani, mvua ikaloweka majivu, na majivu yaliyolowa ni mzigo ambao paa la kawaida halikujengewa. Nalileta hili kwa wahandisi: karibu na volkano, mzigo wa paa nao ni suala la jiolojia.

Kwa hiyo Armero kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni" na yuko tayari kulaumiwa mlima ukinyamaza. Uchumi wa kuhamisha mji kwa tahadhari ya uongo uliwaogopesha. Jiolojia inakupa ramani na uwezekano, haikupi saa. Anayesubiri saa atasubiri mpaka aione.

---

Mshika Chaki

Hapo tumeelewana. Mwakani nitawafundisha wanafunzi Armero na Pinatubo somo moja.

---

Kokoto

Sasa tushukeni chini kidogo. Mtu hana mtambo wa kuchoronga, anataka kununua kiwanja kwenye mteremko. Aangalie nini?

---

Binti Mashapo

Nenda baada ya mvua, si kiangazi. Tafuta chemchemi na sehemu zenye majani mabichi katikati ya ukavu. Hapo maji yanatokea, na chini yake kuna tabaka lisilopitisha. Angalia miti: shina lililopinda chini kisha likanyooka linasema udongo umekuwa ukisogea taratibu. Kama kiwanja ni tambarare nzuri kwenye mdomo wa korongo, chimba kidogo. Ukikuta mawe makubwa, kokoto na tope vimechanganyika bila mpangilio, huo utambarare uliletwa na mafuriko ya tope.

Udongo mweusi unaopasuka kiangazi nyufa za kuingiza mkono? Huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba nyepesi ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu haina uzito wa kuuzuia usivimbe.

---

Fundi Kipimo

Naongeza la kwangu. Nenda kaangalie mahali barabara ilipokata kilima karibu na hapo, utaona tabaka bila kulipa mtu. Zikiinamia upande wa kiwanja chako, simama ufikiri. Zikiinamia ndani ya kilima, afadhali.

Na ukishanunua, ukajenga ukuta wa kuzuia udongo, weka matundu ya kutolea maji na nyuma yake ujaze kokoto. Ukuta mwingi ninaoitwa kuutazama baada ya kuanguka ulikuwa na unene wa kutosha na hauna tundu hata moja. Mara nyingine matundu yapo, lakini fundi wa rangi ameyaziba kwa plasta ili ukuta upendeze.

---

Kokoto

Wangu una matundu manne, mawili yamezibwa. Naenda na patasi sasa hivi.